Yakuti Ndani ya Kijani: Jina, Ufundi na Sifa za Tiba za Jiwe la Longido

Utangulizi

Miongoni mwa vito vinavyochimbwa Tanzania, tanzanaiti ndiyo iliyopata sifa kubwa kuliko vyote. Ilijulikana Merelani mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina lililoitangaza nchi ilikotoka. Kabla ya hapo, mwaka 1954, jiwe jingine lilikuwa limekwisha kutambuliwa huko Mundarara, magharibi ya Longido, katika nyika ya Wamaasai iliyo kati ya Arusha na mpaka wa Kenya. Jiwe hilo lina mwili wa kijani uliotapakaa mabaka mekundu, na mara nyingi hupitiwa na michirizi myeusi. Wafanyabiashara huliita jiwe la rangi mbili, kwa sababu weusi wake huhesabiwa kuwa doa tu na wala si rangi ya kujivunia.

Mhadhara huu unalichunguza jiwe hilo kwa njia tatu. Kwanza, unaangalia majina yake na nafasi ya majina hayo katika leksikoni ya Kiswahili. Pili, unaeleza ufundi unaohitajika ili kulichonga. Tatu, unajadili sifa za tiba linazosifiwa nazo, pamoja na lugha inayotumika kuzieleza. Suala hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Neno likikosewa katika orodha ya bei, hasara yake ni ya fedha. Likikosewa katika maelezo ya tiba, hasara yake yaweza kuwa ya afya ya mtu.

Jiwe lenyewe

Kwa hakika, kinachoitwa jiwe la Longido si madini ya aina moja, bali ni mwamba uliokusanya madini matatu. Sehemu ya kijani ni zoisaiti, madini yenye kalsiamu, alumini na silika. Mabaka mekundu ni rubi, ambayo ni aina nyekundu ya korandamu, yaani oksaidi ya alumini. Michirizi myeusi ni madini ya jamii ya honiblendi. Mwamba huu ulifanyika chini sana ardhini kwa nguvu ya joto na mgandamizo, katika eneo ambalo wanajiolojia huliita Ukanda wa Msumbiji, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Zoisaiti ilipewa jina hilo mwaka 1805, kwa heshima ya Sigmund Zois, mkusanyaji wa madini, baada ya kupatikana katika milima ya Austria. Kwa muda wa miaka mingi ilionekana kuwa madini ya kijivu yasiyo na thamani ya kito. Ni Tanzania iliyoibadilishia hadhi mara mbili: kwanza kwa jiwe la Longido, kisha kwa tanzanaiti, kwani tanzanaiti nayo ni zoisaiti iliyopata rangi ya buluu kutokana na vanadi. Kwa hiyo mawe haya mawili, ambayo sokoni huonekana hayana uhusiano wowote, ni ndugu.

Jambo la kushangaza zaidi ni chanzo cha rangi. Mtu akiliangalia jiwe hili hudhani kwamba wekundu na kijani vina asili mbili tofauti. Sivyo. Wekundu wa rubi hutokana na kromiamu, na ukijani wa zoisaiti hiyo nao hutokana kwa kiasi kikubwa na kromiamu iyo hiyo. Katika korandamu, chembe za kromiamu huchukua nafasi ya chache kati ya zile za alumini, na oksijeni iliyozizunguka huwa imezibana sana. Katika hali hiyo, humeza sehemu ya mwanga iliyo ya kijani na kuacha nyekundu ipite. Katika zoisaiti mbano huo si mkali, na kwa hiyo sehemu ya mwanga inayomezwa hubadilika. Kinachobaki kuonekana ni kijani. Rangi mbili za jiwe hili, basi, ni kazi ya kiini kimoja kilichowekwa katika nyumba mbili.

Majina

Katika maandishi ya wataalamu wa madini, jiwe hili huitwa anyolaiti. Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai linaloandikwa "anyoli", lenye maana ya kijani, likaongezewa kiambishi tamati kinachotumiwa kimataifa kuunda majina ya madini. Huu ni mfano usio wa kawaida, kwani majina mengi ya madini ya Afrika Mashariki yametokana na majina ya watu wa Ulaya au ya mahali. Hapa neno la rangi la lugha ya wenyeji ndilo lililochukuliwa. Hata hivyo, jina hilo huitaja rangi moja tu kati ya mbili. Wekundu, ambao ndio unaolipa jiwe thamani, haumo katika jina.

Kiswahili nacho kina lake la kusema kuhusu rangi hizi. Kati ya rangi tatu zinazoonekana katika jiwe, mbili huelezwa kwa vivumishi halisi vinavyopokea upatanisho wa ngeli: -ekundu na -eusi. Kivumishi cha tatu cha kundi hilo ni -eupe. Rangi ya kijani haina kivumishi cha namna hiyo. Hutajwa kwa kufananishwa na jani, kama vile manjano inavyotajwa kwa bizari na kahawia kwa kahawa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili husema "jiwe jekundu" na "jiwe jeusi", lakini humlazimu kusema "jiwe la kijani" au, kwa kijani kikali, "jiwe la chanikiwiti". Ama kwa mchanganyiko wa rangi, lugha ina maneno yaliyo tayari: "mabakabaka" kwa rangi zilizokaa vipande vipande, "madoadoa" kwa zilizotawanyika kwa nukta, na "marakaraka" kwa mchanganyiko usio na mpango. Kati ya hayo, "mabakabaka" ndilo linalolieleza jiwe la Longido kwa usahihi zaidi.

Leksikoni ya vito katika Kiswahili kwa sehemu kubwa ni ya mkopo, na mikopo hiyo ni ushahidi wa historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Almasi, yakuti, zumaridi, lulu, marijani na akiki ni maneno yaliyofika kwa njia ya Kiarabu. Baadhi yake yalikuwa yamekwisha kusafiri kabla ya kufika katika Kiarabu: almasi, yakuti na zumaridi yana asili ya Kigiriki, na johari na feruzi ni ya Kiajemi. Hata jina la fundi wa dhahabu, sonara, limetoka katika lugha za Bara Hindi.

Neno yakuti linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiarabu cha wataalamu wa kale wa vito, neno hilo halikuwa jina la jiwe jekundu pekee. Lilijumuisha jamii nzima, nyekundu, buluu na manjano, na rangi iliongezwa ili kubainisha aina. Kiswahili kilirithi utaratibu huo, na ndiyo maana tafsiri ya Biblia ina "yakuti samawi". Sayansi ya kisasa imethibitisha kwamba mpangilio huo ulikuwa sahihi: rubi na safiri ni korandamu zote mbili, zinatofautiana kwa kiasi kidogo tu cha vitu vinavyozipa rangi. Hata hivyo, machimboni na sokoni leo neno linalosikika ni "rubi", lililotoholewa kutoka Kiingereza, huku yakuti likibaki vitabuni, katika mashairi na katika majina ya watu. Kiswahili kimekopa mara mbili kwa kitu kimoja, na mkopo wa pili ni finyu kuliko wa kwanza.

Ufundi

Rubi nyingi zilizomo katika jiwe la Longido hazipitishi mwanga. Kwa sababu hiyo ni chache tu zinazoweza kutolewa na kukatwa kwa nyuso nyingi ndogo ndogo kama inavyofanywa kwa vito vya pete za bei kubwa. Sehemu kubwa ya jiwe hutumika ikiwa nzima, rubi ikiwa ndani ya zoisaiti. Hukatwa kuwa vipande vya mviringo vyenye mgongo laini, shanga, mayai, mabakuli na sanamu za wanyama. Mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani, ambao kwa karne nyingi umeishi kwa kazi ya kusanifu mawe, ni mmoja wa miji iliyolipokea jiwe hili na kulichonga kwa ustadi.

Ugumu wa kazi hii unatokana na jambo lile lile linalolipa jiwe uzuri wake, yaani kukaa pamoja kwa madini yasiyolingana. Katika kipimo cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, korandamu iko katika ngazi ya 9, chini ya almasi peke yake. Zoisaiti iko kati ya 6 na 7, na honiblendi kati ya 5 na 6. Fundi anapolisugua jiwe kwa msasa wa kawaida, sehemu ya kijani huliwa haraka na sehemu nyeusi haraka zaidi, ilhali rubi hubaki palepale. Matokeo yake ni uso wenye vinundu: mabaka mekundu yamesimama na kijani kimezama. Jiwe la namna hiyo huonekana zuri kwa mbali, lakini kidole kikipita juu yake hutambua mara moja kwamba kazi haikukamilika.

Dawa ya kasoro hiyo ni unga wa almasi. Kwa kuwa almasi ni ngumu kuliko madini yote matatu, huyakata kwa kiwango kinachokaribiana. Fundi huanza kwa kulikagua jiwe likiwa limelowa maji, kwani maji huonyesha rangi itakavyokuwa baada ya kung'arishwa na hufichua nyufa. Kisha huamua mahali pa kupitisha msumeno wa almasi, na uamuzi huo ndio unaotenganisha fundi na mwanafunzi. Zoisaiti hupasuka kwa urahisi katika upande mmoja, na mpaka kati ya rubi na kijani waweza kuachia ukisukumwa vibaya. Baada ya kukata hufuata kusaga kwa hatua, kutoka unga wa chembe kubwa hadi ule laini kabisa, bila kuruka hatua na bila kukandamiza kwa nguvu. Fundi wa sanamu ana kazi ya ziada. Hana budi kuyasoma mabaka mekundu na kuyapa mahali katika umbo, ili wekundu uwe, kwa mfano, kishungi cha ndege au ua juu ya jani, badala ya kuwa doa lililoangukia ubavuni.

Kazi yote hiyo hufanywa kwa maji yanayotiririka. Maji hupoza jiwe na chombo, na zaidi ya hayo huzuia vumbi. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka huharibu mapafu, na madhara hayo hayarudi nyuma. Jiwe linalosifiwa kwa uponyaji laweza kumdhuru anayelichonga pasipo maji na barakoa, na jambo hili halitajwi katika maelezo ya wauzaji.

Nchini Tanzania, mafunzo ya kukata na kuchonga vito hutolewa katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha. Umuhimu wake ni dhahiri, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya jiwe ghafi na sanamu iliyokamilika ni malipo ya ufundi, na ufundi hulipwa pale unapofanyika.

Mnunuzi naye ana la kujua. Kuna jiwe kutoka India ambalo hufanana sana na la Longido: nalo lina rubi ndani ya kijani, lakini kijani chake ni fuksaiti, aina laini ya ulanga. Mawe hayo mawili hutenganishwa bila shida. Fuksaiti hukwaruzika kwa ncha ya kisu na hung'aa kwa vimetameta, ilhali zoisaiti hustahimili. Aidha, katika jiwe la India mara nyingi rubi huzungukwa na ukingo wa buluu wa madini mengine yaitwayo kianaiti, na hapo hapana michirizi myeusi ya honiblendi.

Sifa za tiba

Imani kwamba mawe yana nguvu ya kutibu ni ya kale na imeenea. Vitabu vya Kiarabu kuhusu vito, kama kile cha al-Tifashi cha karne ya 13, vilieleza machimbo, bei na kasoro za mawe pamoja na manufaa yake kwa mwili. Katika Bara Hindi, yakuti nyekundu huhusishwa na jua na huhesabiwa miongoni mwa vito tisa vinavyohusishwa na sayari. Kwa Waislamu wengi, hasa wa madhehebu ya Shia, pete ya akiki au ya feruzi huvaliwa kwa kutafuta baraka na kinga, na desturi hiyo ilifika pia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki.

Shaka kuhusu madai hayo nayo ni ya kale. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima kuhusu vito. Katika zama zake ilisadikiwa kwamba nyoka akitazama zumaridi macho yake huyeyuka. Al-Biruni hakutosheka na kusimulia. Alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandazia mawe hayo, akaendelea na jaribio hilo kwa miezi, katika joto na katika baridi. Macho ya nyoka hayakupata dhara lolote. Mfano huu wafaa kukumbukwa, kwa sababu unaonyesha kwamba kulipima dai si uadui dhidi ya mapokeo; ni sehemu ya mapokeo yenyewe.

Ama jiwe la Longido, sifa zake za tiba zina umri mfupi. Husemwa kwamba wekundu wake hutia nguvu moyo na damu, kwamba ukijani wake hutuliza na kurudisha afya polepole, na kwamba rangi hizo mbili kwa pamoja huleta mizani. Madai haya yalienea Ulaya na Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakati biashara ya mawe ya uponyaji ilipokua. Mantiki yake ni ya mfanano: nyekundu ni damu, kwa hiyo jiwe jekundu ni la damu, kijani ni mmea unaochipua, kwa hiyo jiwe la kijani ni la kupona.

Kwa kuwa jina la jiwe lina asili ya Kimaasai, wauzaji wengine huyahusisha madai hayo na hekima ya kale ya Wamaasai. Hapa ushahidi wa lugha unasaidia. Katika Kimaasai, neno "olchani" lina maana ya mti na pia dawa. Utabibu ambao msamiati wake wa msingi unalinganisha dawa na mti ni utabibu wa mizizi, magome na majani, na ndivyo tiba ya Wamaasai inavyojulikana. Kiswahili nacho husema "mitishamba". Jina la Kimaasai haliifanyi imani iliyozuka sokoni mbali na Longido kuwa imani ya Kimaasai. Kuyachanganya mambo hayo ni kuwavisha Wamaasai maneno wasiyoyasema.

Hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba jiwe hili, likishikwa au kuvaliwa, hutibu maradhi yoyote. Mwaka 2001 Christopher French na wenzake wa chuo cha Goldsmiths, London, walitoa matokeo ya utafiti ambamo baadhi ya watu walipewa fuwele halisi na wengine bandia, bila kujua wana ipi. Waliopewa bandia walisema walihisi joto, utulivu na msisimko sawasawa na waliopewa halisi. Kilichofanya kazi ni matarajio. Hisia zilikuwa za kweli. Jiwe halikuwa chanzo chake.

Lugha ya madai

Mfasiri anayepewa maelezo ya jiwe hili ili ayaweke katika Kiswahili hukutana na mitego miwili. Wa kwanza ni neno "dawa". Katika Kiswahili, dawa si kitu cha kumeza kwa maradhi tu. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya kuua wadudu, na dawa ya mapenzi. Dawa ni kitu chochote kinacholeta badiliko linalotakiwa. Mzee wa pwani akisema pete yake ya akiki ni dawa, huenda anakusudia kinga dhidi ya husuda, na wala hajadai kwamba inashusha shinikizo la damu. Mnunuzi aliyezoea maana ya hospitali atasikia jambo jingine. Kwa hiyo ni vema kutenganisha "kinga", "faraja" na "tiba", na kuliacha neno la mwisho kwa yale yaliyopimwa. Sheria ya Tanzania ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yenyewe ilitumia maneno mawili tofauti kwa mambo mawili tofauti, na utaratibu huo wa kutofautisha wafaa kuigwa.

Mtego wa pili ni wa sarufi. Kiambishi "hu-" cha mazoea hueleza ukweli wa jumla: jua huchomoza mashariki, maji huchemka. Sentensi "jiwe hili huponya moyo" huingia katika safu hiyo hiyo, na msomaji huipokea kama kanuni ya maumbile. Mgonjwa wa moyo anayeisoma aweza kuahirisha safari ya kliniki. Kiswahili hakikosi njia ya kueleza dai bila kulithibitisha: "huaminiwa kuponya", "inasemekana huponya", "wauzaji hudai kwamba huponya". Kila mojawapo humtaja, kwa uwazi au kwa kificho, mwenye kuamini, na kumwachia msomaji nafasi ya kuuliza. Silabi chache zilizoongezwa ndizo zinazotenganisha taarifa na udanganyifu.

Hitimisho

Jiwe la Longido lina sifa za kutosha zisizohitaji kutiwa chumvi. Rangi zake mbili zimetokana na kiini kimoja, ugumu wake usiolingana humpima fundi, na jina lake limehifadhi neno la Kimaasai katika sayansi ya dunia. Kinachokosekana ni maelezo yake katika kamusi za Kiswahili, ambako msomaji angeyapata bila kutegemea karatasi za wauzaji. Istilahi inayopendekezwa hapa ni "yakuti-kijani ya Longido", kwani hurejesha neno la kale la pwani, hutaja rangi zote mbili na huonyesha mahali. Fasili yake yaweza kuwa hivi: mwamba wa zoisaiti ya kijani wenye mabaka ya yakuti nyekundu, upatikanao Longido, Tanzania, hutumika kutengenezea mapambo na sanamu, huaminiwa na baadhi ya watu kuwa na nguvu ya kuponya. Neno "huaminiwa" lisiachwe wala lisifupishwe.